Mama Mkwe Arudi kwa Mdundo

Mtaani kwetu mama mkwe wangu alikuwa akiitwa Redio, na wala si kwa kificho. Watoto walimwita hivyo mbele yake naye akaitika. Ikishawaka asubuhi, inasema mpaka umeme ukatike. Aliwasema wapita njia waliochakaza viatu upande mmoja. Aliyasema mawingu kwa kuchelewesha nguo kukauka. Jirani alipopaka ukuta rangi, aliusema ukuta, akamsema jirani, kisha akaisema rangi yenyewe kwa kukubali kupakwa pale. Lakini kipindi chake kikuu, kile cha kila siku kisicho na matangazo, kilikuwa mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha linalotazama barabara, na mashine yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, chuma cheusi kizito nilichokuja nacho nilipoolewa. "Wenzake wanaletewa mke," akasema siku hiyohiyo, wageni wakiwa bado hawajanawa mikono, "mwanangu kaletewa mtambo." Tangu hapo hakunipa nafasi ya kuvuta pumzi. Chumvi ikizidi ni mimi, ikipungua ni mimi. Mvua ikikuta nguo kambani, ni mimi niliyeiita.

Kiharusi kilimkuta katikati ya sentensi. Nilikuwa nashona kifungo, yeye kasimama mlangoni mkono kiunoni. "We mwanamke," akaanza, "kifungo hicho ukikishona hivyo, siku mwenye shati akipiga chafya..." Hapo maneno yakamkatikia. Mdomo ukaenda upande. Mkono ukaachia kiuno kama nguo iliyochomoka kwenye kibanio, naye akateleza kwenye mlango taratibu mpaka chini, macho yamenikodolea. Nilidhani ananiigiza jinsi ninavyosinzia kazini. Nilipoelewa kwamba haigizi, sindano ilikuwa imekwisha kuingia kidoleni mwangu nami sikuisikia.

Hospitali walifanya kazi yao. Walimrudisha akiwa hai, upande wa kulia umelala, na akiwa amebakiwa na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "bado."

Mtaalamu wa usemi pale hospitali, dada mmoja mwenye subira kama ya mtega samaki, alitueleza kwamba mambo hayo hutokea. Mtu hupoteza maneno yote akabaki na moja, kama aliyekimbia nyumba inayoungua akajikuta nje ameshika kijiko. "Akili yake iko palepale," alisema. "Anawaelewa. Anajua anachotaka kusema. Njia ya kutokea ndiyo imeziba."

Basi ikawa bado. Mama, umeshiba? Bado. Ulikuwa umelala? Bado. Wageni waliokuja kumpa pole waliondoka wakiwa wamechanganyikiwa. Kiongozi wa ibada naye alikuja, kitabu kwapani, akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono na kusema kwa ile sauti wanayoitumia wakiwa na mgonjwa mwingine wa kumwahi, "Mama, je, uko tayari kukutana na Muumba wako?"

"Bado," akasema mama mkwe, wazi kabisa.

Mheshimiwa akakohoa. "Nina maana, moyo wako umeshatua mizigo?"

"Bado."

"Umewasamehe waliokukosea?"

Mama mkwe akageuza jicho akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika sinia la vikombe. "Bado, bado, bado."

Mheshimiwa akafunga kitabu akaomba maji ya kunywa.

Nyumba ikawa kimya. Siku za mwanzo kimya kile kilikuwa kitamu kama kukaa chini baada ya kusimama kutwa. Nilikosea pindo, hakuna aliyesema. Niliunguza mboga, tukaila imeungua, kimya. Lakini haukupita muda nikaanza kushtukia shingo yangu inageuka mlangoni yenyewe kila nilipotia mkasi kwenye kitambaa. Nilimaliza gauni, nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha, nikajikuta nimesimama tu, nasubiri kusemwa. Na yeye kule chumba cha nyuma alilala uso ukutani. Nikimpelekea uji nilikuta mto umelowa. Alijifanya ni jasho, nami nikajifanya nimeamini.

Yule mtaalamu alikuwa ametuachia ushauri. "Jaribuni wimbo," alisema. "Au mgongeeni mkono taratibu, neno moja kwa pigo moja. Wapo ambao maneno yakikwama mlangoni hutokea dirishani. Si wote. Lakini jaribuni, na msifanye makubwa."

Mume wangu alisikia neno "wimbo." Hayo mengine, pamoja na lile la kutofanya makubwa, yalipita sikio la pili.

Mume wangu ni mpiga kinanda katika bendi inayotumbuiza harusini na kwenye mikutano ya makampuni. Kinanda chake kina vitufe vingi kuliko akili ya mwanadamu inavyoweza kuvitumia. Ukibonyeza hapa kinatoa filimbi, pale kinatoa tarumbeta, na kuna kitufe kimoja cha kijani kinachotoa kwaya nzima ya watu ambao hawajapata kuzaliwa. Yeye huamini kwamba kitufe kisichobonyezwa ni dhambi.

"Mke wangu," akaniambia, "hii ni kazi yangu. Kumbe miaka yote hii Mungu alikuwa ananiandaa."

"Dada alisema mgongee mkono tu."

"Mgonge mkono, halafu? Mkono una sauti gani?"

Akaleta spika mbili zenye kimo cha kabati, akazibana kati ya kitanda na ukuta. Nyaya zikatambaa chini ya godoro. Akatunga wimbo maalumu wenye majina ya watoto wa mama, vyombo vyake na miti ya uani. Wimbo ulikuwa na utangulizi mrefu kiasi kwamba nilitoka kwenda kugeuza sufuria nikarudi nikakuta bado haujaanza. "Mama," akapaza sauti juu ya tarumbeta, "ukisikia ngoma inaingia mara ya pili, na wewe ingia."

Ngoma ikaingia mara ya pili. Mama hakuingia. Mume wangu akashusha ufunguo wa wimbo, akapandisha, akaongeza vinubi. Nilimtazama mama mkwe: alikuwa amekaza shingo kama mtu anayetaka kuvuka barabara yenye magari mengi, kila akinyanyua mguu linapita jingine. Hatimaye akainua mkono wake mzima, akachukua bakuli la uji, akalitupa. Lilitua barabara kwenye vitufe, na kinanda chenyewe kikaanza kupiga wimbo wa maharusi kuingia ukumbini.

"Bado," akasema mama mkwe, akageukia ukuta.

Mume wangu alikaa jioni nzima anachokoa uji kwa kijiti cha meno. Sikumcheka. Nilikwenda kuchekea bafuni.

Kisha ukaja msimu wa kufungua shule, na msimu huo mimi sina mikono. Kila mzazi anakumbuka sare wiki ya mwisho, kana kwamba mtoto kakua usiku mmoja. Sikuweza kukata, kushona na kukimbilia chumba cha nyuma kila saa, kwa hiyo tukamhamishia mama kitanda chumba cha mbele, kando ya mashine yangu, aone barabara walau. Nilimwegemeza kwenye mito. Akaangalia barabara, akaangalia mafurushi ya kitambaa cha buluu, akaniangalia mimi, akafumba macho kama aliyeonyeshwa kitu cha aibu.

Sketi za shule ni kazi ya kuchosha akili. Pindo ni refu, limenyooka, halina ujanja. Unakanyaga tu. Kanyagio linashuka kwa kisigino, linapanda kwa vidole, gurudumu linazunguka, mkanda unaguguna: ta-ka, ta-ka, ta-ka. Nilikuwa nimechoka, kwa hiyo nakanyaga polepole. Nikaona kwa pembe ya jicho kidole chake cha mkono wa kushoto kinagonga ukingo wa kitanda. Kisigino changu kikishuka, kidole kinashuka. Sikutilia maanani. Hata mtoto mchanga hufanya hivyo.

Halafu ikaja sauti, nzito, kama ya mlango wa ghala ambao haujafunguliwa mwaka mzima.

"Mshono... huo... kombo."

Nikasimamisha mashine. Nikamgeukia. Alikuwa ameachama, ameshangaa kuliko mimi. Akajaribu tena, mdomo ukahangaika, na kilichotoka ni kile kijiko chake: "Bado. Bado." Machozi yakamjaa. Akaanza kupiga ukingo wa kitanda kwa hasira na kuninyooshea kidole, si mimi, bali miguu yangu.

Nikaelewa. Nikarudisha miguu kwenye kanyagio. Ta-ka, ta-ka.

"Usi... simame," akasema. "Usi... simame... mja... laana."

Mimi niliyeitwa mjalaana nililia kama niliyetangazwa malkia. Na nilipotazama kile kitambaa chini ya sindano, ni kweli, mshono ulikuwa kombo kabisa, tena ulizidi kwenda kombo kwa sababu nilikuwa nalia nakanyaga.

Siku ile nilishona mapindo ambayo hayakuhitaji kushonwa. Nilishona mifuko ikazibika. Ilimradi gurudumu lizunguke. Nikikimbiza mashine maneno yalimgongana mdomoni. Nikienda polepole mno alisahau alikotoka. Kulikuwa na mwendo mmoja tu uliomfaa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka kwenda mahali anapopajua, na ndani ya mwendo ule neno lilitoka moja moja, limekamilika, kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta. Alisema maji. Alisema mto umekaa vibaya. Alisema uji wangu ulikuwa na mabonge tangu siku ya kwanza ya kuugua kwake na kwamba aliuvumilia kwa kuwa hakuwa na pa kusemea. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za wanawe alisimama mlangoni akasikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu si ndiye aliyekuwa bubu?"

"Ndiye."

"Na wewe umefurahi?"

"Wee acha tu."

Mashine haibebeki, na mtu hawezi kuongea chumba kimoja tu. Nikatafuta kopo tupu la maziwa ya unga na kijiko cha chuma. Nikaketi kitandani, nikagonga kwa mwendo uleule. Ko, ko, ko. Mama mkwe akalitazama kopo kwa dharau, kisha akasema, "Sauti... mbaya. Lakini... njoo."

Kwa kopo lile tulikwenda uani. Tulikwenda bafuni. Mguu wake wa kulia, uliokuwa ukiburuzwa kama mfuko wa saruji, ulianza kuitika. Yeye mwenyewe aliusema huo mguu, kwa mapigo, mimi nikiwa mbele narudi kinyumenyume na kopo langu: "Mguu... mvivu... nyanyuka. Mguu... mvivu... twende." Mguu, nao ukaogopa kama sisi sote tulivyokuwa tukimwogopa, ukanyanyuka. Mara nyingine ulikataa tukaanguka wote wawili kwenye ndoo. Lakini tulikwenda. Tulipompeleka tena hospitali, yule dada wa usemi alisikiliza, akapiga makofi mara moja, akatuonyesha namna ya kuanza kwa kopo na kulipunguza kidogokidogo, pigo liwe dogo, kisha liwe kidole tu. "Nani alimpigia?" akauliza.

"Mimi," mume wangu akaanza, "niliandaa mpangilio wa..."

"Kopo," nikasema.

Maana hapo ndipo tatizo jingine lilipokuwa. Mume wangu aliona wivu. Alimwona mama yake akizungumza kwa kopo la maziwa na miguu ya mke, ilhali yeye, mwanamuziki mwenye kadi za biashara na mavazi yanayometameta, alijibiwa kwa bakuli. Alikuja na kinanda mara nyingine, akaomba aweke besi tu, chini kabisa, isiyosikika. Mama mkwe akaninyooshea mkono nigonge, akasema, "Zima... hilo... dude."

"Mama, ni besi tu."

"Zima... na besi... yake."

Akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata na kopo. Nikamwambia, "Chukua. Piga wewe."

"Nipige nini?"

"Pigo moja. Hilohilo mpaka mwisho."

"Bila kitu katikati?"

"Bila kitu katikati."

Akafikiri. "Na mwishoni je? Kamdundo kadogo ka kufungia?"

"Baba wee, pigo moja."

Msifikiri ni rahisi. Mtu aliyezoea kutia viungo kila chungu ukimpa maji matupu achemshe, anahangaika. Alipiga vizuri mapigo machache, kisha kijiko kikateleza kikaongeza kamdundo. Mama mkwe akakwama katikati ya neno, mdomo wazi, akamtupia jicho ambalo ningelipokea mimi ningeacha ndoa. Mume wangu akaanza upya. Akaongeza tena. Mkono wake haukujua kukaa mtupu. Alijaribu kushika kopo kwa mkono mwingine, akajaribu kuhesabu kwa midomo, akajaribu kukaa juu ya mkono wa pili. Kila siku akirudi mazoezini alikaa mbele ya mama yake akajaribu, na kila siku alifukuzwa kwa jicho.

Kilichombadilisha ni uchovu. Alikuwa amerudi kutoka harusi mbili mfululizo, amekaa sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye kitanda cha mama. Akaanza kugonga bila kujitazama, macho yamefumba. Ko, ko, ko. Hakuna kilichoongezwa. Mimi niliacha mkasi. Pigo lile likakaa chumbani kama mtu wa nne. Mama mkwe akashusha mkono wake wa kushoto mpaka ukafika kichwani pa mwanawe.

"Tonge," akasema. "Tonge... langu... umekonda."

Tonge ndilo jina alilomwita akiwa mtoto mnene. Mume wangu alikuwa ameniapisha nisilitaje mbele ya bendi maisha yangu yote. Hakufungua macho. Mashavu yalilowa, pua ikaanza kuvuja, na mkono hata hivyo haukuyumba. Nadhani ile ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake alipopiga muziki.

Sasa wifi yangu. Dada yake mume wangu ni mkubwa katika ofisi ya bima, anakaa upande mwingine wa mji katika nyumba yenye zulia kutoka ukuta hadi ukuta na mapazia mazito. Kwake mtu akidondosha kijiko, wote wanageuka. Ni mtu mwema, lakini wema wake una kelele kidogo sana. Tulimpigia simu kumpa habari njema, tukamweka mama karibu, nikagonga kopo. Simu, sijui kwa nini, ilichukua kelele za kopo ikayameza maneno ya mama. Wifi kule alisikia nini? Alisikia debe likipigwa na mwanamke mzee akilalama, akakata. Jumamosi asubuhi gari lake lilikuwa mlangoni.

"Wifi, nimesikia kwa masikio yangu," akasema, viatu bado viko miguuni. "Mgonjwa anapigiwa kopo. Kopo. Hata mbuzi wa mtu hapigiwi kopo."

"Wifi, kaa kwanza tukueleze."

"Mgonjwa anahitaji utulivu. Kila kitabu kinasema hivyo." Akaliona kopo kitandani, akalitia kwenye mfuko wa taka pamoja na kijiko, akaufunga fundo, akautoa nje mwenyewe. Kisha akafungua kabati akaanza kukunja nguo za mama kwenye sanduku. Anakunja vizuri sana, lazima niseme. "Nimeshaandaa chumba. Kuna muuguzi. Hakuna cherehani, hakuna kinanda, hakuna mtu atakayempigia kelele."

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani akitazama nguo zake zinavyoingia sandukuni. Akainua kidole. "Ba..." Akameza mate. "Bado. Bado, bado."

"Mnaona?" Wifi akatugeukia. "Hata hawezi kusema anachotaka. Na nyie mnamchezea ngoma."

Mume wangu anamwogopa dada yake tangu alipokuwa akiogeshwa naye. Alisimama kando ya kabati kama koti lililotundikwa. Nilidhani atakwenda kuleta kinanda, na nilikuwa tayari kumzuia. Lakini hakwenda kokote. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua kiganja, akaanza kujipiga paja. Paja lake mwenyewe, juu ya suruali kuukuu. Pa, pa, pa. Nami sikusubiri: nilikwenda kwenye mashine isiyo na kitambaa, nikashusha kisigino.

Mama mkwe akavuta pumzi. Kidole kikaanza kugonga.

"Binti... yangu... sikia."

Wifi akaganda, gauni la mama mikononi.

"Kwako... kuna... zulia. Kwako... kuna... pazia. Mtu... wa kumsema... hakuna."

Sijui kama alikusudia vina. Nadhani pigo ndilo lililomletea. Wifi alikaa kwenye kigoda changu bila kuangalia kama kuna sindano, na ilikuwapo, lakini hata hakuruka. "Mama," akasema. "Mama, unaongea."

"Naongea. Hapa... kuna huyu." Akaninyooshea kidevu. "Mkaidi. Mshono... kombo. Uji... mabonge. Nikimwacha... nitasema... nini? Nitasema... na zulia?"

"Mbona hamkuniambia?" Wifi alituuliza sisi, akilia.

"Tulikupigia ukakata," nikasema, huku nakanyaga.

"Na sufuria," akaendelea mama mkwe, ambaye alikuwa amepata mwendo na hakutaka kuupoteza kwa machozi ya watu, "sufuria... yangu... kubwa. Iko... kwako. Rudisha."

Wifi akacheka hali analia, kamasi na yote, kitu ambacho sijapata kukiona kwa mtu wa bima. Na nilipotazama chini niliona kiatu chake kile cha ngozi kinagonga sakafu. Kisha kinagonga mbio kuliko sisi, kama cha mtu anayewahi lifti.

"Pole... pole... we mtoto," mama mkwe akasema. "Utanitoa... roho."

Alikaa mpaka mchana. Alilifuata lile kopo pipani mwenyewe, akaliosha kwa sabuni, akapiga, akakosea, akafundishwa na mdogo wake, ambaye siku hiyo alivimba kichwa kidogo nami nikamwacha avimbe. Sanduku tulilifungua tukarudisha nguo. Siku hizi wifi huja karibu kila wiki. Sufuria hasahau kuahidi.

Mama mkwe hakupona kabisa. Mkono wa kulia haukurudi. Asubuhi akiwa na nguvu husema maneno mafupi kwa kidole tu, jioni lazima kopo. Lakini ametembea mpaka kwa jirani na kumwambia habari za ukuta wake. Kiongozi wa ibada alikuja tena kumwombea, akakuta Redio imerudi hewani, na hakukaa kumaliza maji.

Limebaki moja ambalo huwa nawasimulia wanawake wenzangu walioolewa. Tulikuja kugundua kwamba mtu akimjibu mama mkwe nje ya pigo, uzi unamkatika na neno linapotea. Kwa hiyo mimi, ambaye zamani nilinyamaza kwa heshima, sasa nikanyamaza kwa ajili ya tiba. Akasema mpaka akafurahi. Alasiri moja nilikuwa natia mikono kwenye gauni la mteja, yeye yuko kwenye kiti chake, anasema: gauni hili limekatwa na mtu mwenye hasira, mwanamke gani anakunywa maji huku anashona, mwanangu angeoa fundi viatu tungevaa vizuri. Nikasimamisha mashine. Kwa mama mkwe, kusimamisha mashine ni sawa na kumziba mdomo kwa kiganja, na nilijua, na nilifanya.

Alinikazia jicho. Mimi nikatazama barabara. Kisha nikasikia: ko, ko, ko. Alikuwa amelichukua kopo, amelibana kati ya magoti, kijiko kiko mkono wa kushoto. Alikuwa hapigi kwa ajili yake. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Aliniinulia kidevu, nianze.

"Sina la kusema, mama," nikasema.

Ko, ko, ko. Hakuacha.

Sikujua kama ninalo. Lakini lile pigo linavuta, hakuna pa kujificha ndani yake. Nikashtukia ninasema, neno kwa kijiko, "Mama... tangu... nimekuja... hujasema... hata mara moja... kwamba... nimefanya... vizuri." Likatoka na jingine, na jingine. La wageni na mtambo. La chumvi. La mvua. La kwamba nilimvua nguo na kumwogesha na kumwinua kwenye ndoo, na siku zote nilimwita mama nikimaanisha. Sauti yangu ilipasuka mara kadhaa. Kijiko hakikupasuka. Alinishikia mwendo kama mtu anayekushikia ngazi, hakuharakisha, hakupunguza, mpaka nikaishiwa.

Hapo ndipo alipofungua mdomo, akiendelea kupiga. Macho yake yalikuwa kwenye gauni lililolala juu ya mashine.

"Mkono... wa kushoto," akasema, "mzuri."

Nilingoja. Miaka yote ile, nikangoja na mapigo machache zaidi.

"Wa kulia... fumua."

Nikachukua wembe nikafumua.